Fomu Zilikuwa Mbili

Wanjira alichagua wakati mbaya wa kutoa habari zake, maana Cicily alikuwa ndiyo kwanza amejaza mdomo chai ya moto.

"Baba, mimi na Kathure tumeamua," alisema. "Tutarudia Kidato cha Nne. Shule ile ile. Mwalimu mkuu amesema warudiaji watapokewa muhula wa pili."

Nusu ya chai ilirudi kikombeni, nusu ikapitia puani. Cicily, mdogo wake aliyemfuata kwa mwaka mmoja na miezi miwili, alikuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Mwaka huo wa 1998 ulikuwa wake wa Kidato cha Nne. Shule yenyewe ilikuwa ndogo, darasa moja kwa kila kidato, kwa hiyo hapakuwa na pa kujificha.

"Mami, sikia huyu!" Cicily alisema akijipangusa kidevu. "Anataka kuja kukaa darasa langu! Mimi nitaitwa nani sasa? Nitaambiwa nimpishe dada yangu dawati?"

"Hutampisha mtu," Wanjira alimjibu. "Nitakaa na Kathure."

Baba yao, Misheck Nthiga, aliweka kikombe chini. Alikuwa mkulima wa kahawa na chai kidogo pale Kanja, mwenye sauti ya besi iliyotegemewa na kwaya nzima, na mdomo usiojua kukaa na siri. Matokeo ya mtihani yalipotoka wiki mbili zilizopita, na binti yake akaleta C tupu, alikaa siku mbili bila kwenda kupeleka maziwa mwenyewe, kwa sababu pale penye mizani ya maziwa ndipo alipokuwa ametangazia watu kwamba mtoto wake atakuwa daktari. Sasa uso ulimchangamka.

"Kurudia," alisema, kana kwamba ni neno jipya zuri. "Kurudia si kuanguka. Hata nyimbo tunazirudia mpaka zikae. Na huyo Kathure naye alipata ngapi?"

"C tupu. Kama mimi. Ni yeye aliyesema turudie. Mimi nilikuwa nalia tu pale ubaoni yalipobandikwa matokeo, yeye akanishika mkono, akaniambia, 'Wanjira, tuliingia pamoja na tutatoka pamoja.'"

"Huyo ni rafiki," Nthiga alisema.

Lydiah, mama yao, alikuwa akimenya ndizi karibu na mlango. Hakuinua kichwa. "Na Kathure amewaambia watu wake?"

"Atawaambia, Mami. Wao si watu wa kukataa."

"Mimi nauliza tu," Lydiah alisema, akachukua ndizi nyingine.

 

Mtamba aliuzwa Machi. Alikuwa mtamba mzuri wa rangi ya kahawia, aliyebakiza miezi michache tu azae, na Nthiga alimtoa kwa mnunuzi kutoka Runyenjes akiimba, maana asingeimba angebadili nia. Karo ya mihula miwili ililipwa, stakabadhi ikawekwa ndani ya Biblia, na habari zikafika penye mizani ya maziwa kabla hata mnyama hajavuka mto.

Kuanzia hapo Wanjira hakuweza kwenda dukani kununua chumvi bila kuhojiwa. "Kumbe bado unasoma?" mama mmoja alimwuliza, mama mwema asiye na nia mbaya, na hilo ndilo lililouma. Jumapili mzee wa kanisa aliwaombea vijana waliofaulu, akawataja mmoja mmoja, kisha akaongeza, "Na wale ambao Bwana hakuwafungulia, awape uvumilivu." Macho ya waumini yalijua pa kwenda. Nthiga, kutoka safu ya besi, alijibu "Amina" kwa sauti iliyotikisa madirisha.

Sketi ya shule nayo ilikuwa imekataa kufunga. Lydiah aliifumua mshono wa kiunoni, akaongeza kipande kutoka sketi kuukuu ya Cicily.

"Umenenepa kwa kukaa," alisema.

"Ni sabuni imeifupisha, Mami."

"Sabuni hiyo hiyo mbona haikuifupisha ya Cicily?"

Wanjira alicheka. Alikuwa na moyo mwepesi siku zile, kwa sababu kila fedheha aliigawa mara mbili: nusu yake, nusu ya Kathure. Akiulizwa dukani, alijiambia kwamba huko Kinoru, upande wa pili wa mlima, Kathure naye anaulizwa vivyo hivyo. Wangekutana Mei na kuchekeana hadi mbavu ziume. Alimwandikia barua ya kurasa tatu juu ya mtamba, mzee wa kanisa na sketi. Haikujibiwa. Akaandika ya pili, fupi kidogo. Aprili ikaingia na mvua yake, shule zikafungwa, Cicily akarudi nyumbani, na sanduku la posta pale Kanja likabaki na gazeti la kanisa tu.

"Pengine barua zimepotea," Wanjira alisema.

"Zote mbili?" Cicily aliuliza.

"Posta ni posta."

"Nenda basi ukamwone," Lydiah alisema. "Mmebakiza siku tisa. Mtu haendi vitani bila kujua mwenzake yuko wapi." Akamfungia kiondo cha maparachichi na nduma tano kubwa, ili asiende mikono mitupu.

 

Nyumba ya kina Kathure ilikuwa ya mawe, mtaa wa Kinoru mjini Meru, mahali ambapo mtu akiwa uani husikia kelele za uwanja wa mpira. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Mama Kathure, karani katika ofisi moja ya serikali mjini, alifungua mlango akiwa na pasi mkononi na waya ukiburuta nyuma yake. Alipomwona Wanjira aliitupa pasi juu ya kiti, akaiokota upesi kabla haijaunguza kitambaa, kisha akamkumbatia.

"Wanjira! Mwanangu! Ingia, ingia. Kathure ametoka kidogo, ameenda kununua viatu. Lo, na nduma! Mama yako ni mtu wa ajabu. Kaa pale, nimalizie hii nguo nikupe chai."

Wanjira alikaa. Nguo iliyokuwa mezani ilikuwa gauni jeupe, la mikono mifupi, lenye vifungo vya kijani mbele. Jingine kama hilo lilitundikwa mlangoni, limekwisha nyooshwa. Alidhani ni la mtu wa hospitali. Alikumbuka kwamba shangazi yake Kathure alikuwa muuguzi mkuu katika hospitali ya misheni.

"Shangazi yuko huku?" aliuliza.

"Shangazi? Hapana, yuko kazini kwake. Hizi ni za Kathure." Mama Kathure alinyunyiza maji kwenye ukosi. "Jumatatu ijayo anaripoti chuo cha uuguzi. Nimemwambia nguo nyeupe haitaki uvivu. Na wewe, mwanangu, nilisikitika sana. Tulikungoja siku ya mahojiano. Niliposikia baba yako amekataa, nilitaka hata kumwandikia."

Nje, uwanjani, watu walipiga yowe la goli. Wanjira alisubiri litulie.

"Amekataa nini, Mama?"

"Si ile fomu! Shangazi yake alileta fomu mbili. Mimi ndiye niliyemwambia alete mbili, nikamwambia, hawa wasichana wangu wawili hawatenganishwi, na huyo wa Kanja ndiye mwenye kichwa cha Biolojia. Kathure akasema amekutumia kwa posta. Baadaye akaniambia umejibu kwamba baba yako hataki uuguzi, anataka urudie upate alama za chuo kikuu." Aliinua macho. "Au si hivyo?"

Kuna maswali ambayo mtu huyajibu kabla hajajua kwamba amejibu. Mama Kathure alikuwa amesimama pale, pasi hewani, uso wake umejaa upendo, na jibu moja tu lingeufuta upendo huo ukawa kitu kingine, na si kwa siku moja tu.

"Ndivyo, Mama," Wanjira alisema. "Baba alikataa. Akishaamua, ameamua."

"Wanaume!" Mama Kathure alisema, akaikandamiza pasi kwenye mkono wa gauni. "Basi kunywa chai. Umekonda."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka huo mtu kumwambia amekonda, na Wanjira angelifurahia neno hilo siku nyingine.

 

Kathure aliingia na sanduku la viatu kwapani, akiimba. Wimbo ulikatika hapo hapo. Alimtazama Wanjira, akatazama gauni mlangoni, akamtazama mama yake, kwa mpangilio huo.

"Mgeni wako huyu," mama yake alisema kwa furaha. "Nimemwambia yote kuhusu maandalizi."

"Umekuja lini?" Kathure aliuliza.

"Sasa hivi. Nilikuwa natoka. Nisindikize."

Walitembea mpaka wakafika kwenye ukuta wa uwanja, ambapo wanawake walikuwa wakiuza njugu na mahindi ya kuchoma. Kathure alikuwa bado ameshika sanduku la viatu. Alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, na Wanjira hakuwahi kumwona akikosa la kusema; hata walipoadhibiwa kung'oa visiki Kidato cha Pili alikuwa na la kusema.

"Ningekuambia," Kathure alisema hatimaye.

"Lini?"

"Nilianza barua mara nyingi."

"Mimi nilimaliza zangu mbili. Ulizipata?"

"Nilizipata." Kathure alitazama chini. "Ile ya mtamba nilicheka. Halafu nikalia. Wanjira, nafasi ilikuwa moja. Shangazi alisema tutahojiwa wote wawili, kisha atachukuliwa mwenye alama bora. Wewe una B ya Biolojia. Mimi nina C. Wangekuona wewe, mimi wangeniangalia mara moja tu."

"Kwa hiyo fomu yangu iko wapi?"

Kathure alilihamisha sanduku la viatu kwapa la pili.

"Kathure. Iko wapi?"

"Niliwashia jiko."

Wanjira alijikuta akiuliza jambo ambalo baadaye hakuelewa kwa nini alilitaka. "Ilikuwa na kurasa ngapi?"

"Nne." Sauti ya Kathure ilikuwa imebaki nusu. "Utamwambia Mami?"

"Ameshaniuliza. Nimemwambia ni kweli, Baba alikataa."

Hapo ndipo Kathure alipolia, akiwa amesimama wima, sanduku la viatu limebanwa kifuani. Mwuza mahindi aliwatazama, akawaona ni watoto wa shule wenye mambo yao, akageuza mahindi yake. Wanjira alisubiri hasira ije. Alikuwa ameiandalia nafasi. Badala yake alihisi uchovu, kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mtoni akidhani wako wawili, akageuka na kukuta upande wa pili hauna mtu tangu mtoni.

"Sema kitu," Kathure alisema. "Nitukane."

"Nikikutukana nitapata fomu?"

"Basi chukua vitabu vyangu. Vyote. Mimi sivihitaji tena, na wewe unarudia. Tafadhali."

Kathure alitegemea kwamba atakataa, na pengine alitaka akatae, ili deni la moyo libaki wazi na lizungumzwe siku nyingine. Lakini Wanjira alikuwa binti wa Lydiah, na vitabu vilikuwa vitabu.

"Leta," alisema. "Na ile ramani kubwa ya dunia."

 

Alifika Kanja alasiri na kiondo kizito kuliko alichoondoka nacho. Familia ilimsikiliza ikiwa imesimama jikoni, na kwa muda mrefu hakuna aliyekaa.

Nthiga ndiye aliyelipuka kwanza, ingawa si mahali walipotarajia. "Mimi? Mimi nilikataa? Mimi niliyeuza mtamba nikiimba?" Alizunguka meza. "Huko Meru nzima sasa najulikana kama mtu anayezuia watoto wasisome! Na wewe ukasema ndiyo?"

"Ningesema nini, Baba?"

"Ungesema kweli! Kesho naenda. Nitamwambia huyo mama mimi ni nani."

"Utamwambia wewe ni nani, halafu?" Lydiah aliuliza. "Mahojiano yamepita. Utarudi na nini?"

"Nitarudi na jina langu!"

"Jina lako liko hapa, tunalitumia kila siku. Kaa chini, Baba Wanjira."

Alikaa. Wanjira alisimama na mgongo wake ukutani, akasema lile alilokuwa amelibeba njia nzima. "Mimi sitaki kurudi shule tena. Nilikuwa narudi kwa sababu tulikuwa wawili. Peke yangu, na sketi ya kuungwa, katikati ya watoto, sitaweza. Nitachuma chai hapa nyumbani. Nitarudisha pesa ya mtamba pole pole."

Hakuna aliyemkaripia. Nthiga alifungua Biblia, akaitazama stakabadhi, akaifunga. "Mtamba harudi," alisema kwa sauti ndogo isiyo yake. "Karo pia hairudi, nimeshauliza siku ile ile, maana nilijua nitajuta. Lakini sitakukokota, mama. Umekwisha kokotwa na watu."

Aliondoka kwenda kuangalia ng'ombe, ingawa ng'ombe walikuwa wameangaliwa.

Cicily alimfuata Wanjira nyuma ya nyumba, alipokuwa akimwaga vile vitabu juu ya gunia kavu. Alichukua kimoja cha hesabu, akakipekua, akakirudisha.

"Mwandiko wa Kathure ni mbaya," alisema.

"Sana."

"Dada, mimi nilipata thelathini na moja ya hesabu muhula uliopita."

Wanjira aligeuka. "Si ulimwambia Baba hamsini na moja?"

"Niliichora ile tatu mkia ikawa tano. Mwalimu wa hesabu alihama, hatuna mtu. Wote tunaanguka. Wewe hesabu ulipata B." Cicily alikuwa akichokonoa gunia kwa kidole cha mguu. "Nilifanya kelele siku ile kwa sababu nilijua mtakaa wawili na Kathure mkinicheka. Kathure alikuwa ananiita 'mkia wa Wanjira'. Sasa kama hayupo... mimi sina wa kukaa naye. Niliyekuwa nakaa naye amehamishwa."

"Utaona haya."

"Nitaona. Wiki moja hivi. Halafu nitazoea." Akaongeza haraka, "Lakini bwenini kitanda cha juu ni changu. Na usiniamrishe mbele ya watu."

"Na mimi usiniite dada darasani."

"Nikuite nani?"

"Niite Nthiga."

"Mimi pia ni Nthiga!"

Wakacheka, kwanza kidogo, kisha kicheko kikawashinda, hata Lydiah akatokeza kichwa dirishani kuona kama kuna aliyeumia.

 

Haya hiyo ilidumu wiki tatu, si moja. Siku ya kwanza mwalimu wa Kiswahili aliita majina, akafika "Nthiga", wakasimama wawili, darasa likaangua kicheko. Mwalimu akavua miwani. "Naona safari hii baba yenu ameamua kuleta ukoo," alisema. Wanjira alitamani ardhi immeze, lakini Cicily alijibu, "Ndiyo, Mwalimu, na Mami anakuja muhula ujao," na kicheko kikageuka upande.

Kufikia Juni wasichana walikuwa wakijazana kwenye dawati lao jioni kabla ya chakula, Wanjira akifafanua logarithimu kwa chaki kipande. Hakuna aliyemwita mrudiaji tena. Walimwita Mwalimu, kwa mzaha kwanza, kisha bila mzaha. Julai ilikuja barua yenye stempu ya Meru. Kathure aliandika kurasa mbili juu ya mabweni, maiti aliyoiona, na chakula kibaya, na mwishoni, kwa mwandiko uliobanana, alisema hajalala vizuri tangu Aprili. Wanjira alimjibu kwa upole, ukurasa mmoja. Alimwambia amemsamehe, na lilikuwa kweli. Alitaka kuongeza kichekesho cha majina darasani, akaona kitahitaji maelezo mengi, akakiacha. Barua nyingine ilikuja Septemba. Hakumbuki kama aliijibu.

Matokeo ya mtihani yalipotoka mwaka uliofuata, Wanjira alipata B na Cicily C+. Nthiga alitembea na matokeo mpaka penye mizani ya maziwa asubuhi mbili mfululizo, ya pili akidai kuna waliokosa kuja ya kwanza. Wanjira akaitwa chuo cha ualimu, masomo ya hesabu na Biolojia.

Ilikuwa Mei tena, mjini Embu, yeye na Cicily wamekuja kununua sanduku la bati, alipokutana na Kathure uso kwa uso nje ya duka. Kathure alikuwa na wenzake watatu, wote na magauni meupe chini ya sweta. Walikuwa wameletwa Embu kwa mafunzo ya vitendo na wamepangiwa nyumba mtaa wa Majimbo. Alikuwa amenawiri. Walikumbatiana, na kukumbatiana kwenyewe kulikuwa kwa kweli.

"Nilisikia umeitwa ualimu!" Kathure alisema. "Mami alifurahi sana. Alisema, sasa baba yake ametulia."

"Ametulia," Wanjira alisema, na wote wawili wakatazama pembeni kidogo.

"Na nyumbani?"

"Wazima. Huko kwenu?"

"Wazima kabisa."

Mmoja wa wale wauguzi, msichana mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa akimsubiri Kathure kwa uso wa mtu aliyekatishwa hadithi katikati. Kathure aligeuka. "Huyu ni Wanjira," aliwaambia. "Tulisoma naye."

Wanjira alilisikia neno hilo likitua. Alisubiri limuume, kama vile unavyobonyeza jino lililokuwa bovu, lakini halikuuma. Lilikuwa kweli tupu. Walisoma pamoja miaka minne, kitanda cha juu na cha chini, na sasa hawasomi.

"Ukipita Majimbo uje utuone," Kathure alisema. "Nyumba ya tatu ukitoka barabarani, geti la bluu."

"Nitakuja."

"Kweli?"

"Kweli."

Yule mfupi alikuwa ameanza tena hadithi yake kabla hawajavuka barabara, na Kathure akacheka kwa kile kicheko chake cha kurusha kichwa nyuma. Kutoka ndani ya duka Cicily aliita kwa nguvu, akasahau kabisa makubaliano ya mwaka uliopita: "Dada! Dada, njoo! Huyu mtu anasema sanduku halina kufuli, na bei ni ile ile!"

"Mwambie angoje," Wanjira alisema, akakunja mikono ya sweta yake. "Nakuja."